Kabla ya Kuwasha Tanuri, Tuhesabu Gharama



Bwana wetu Yesu Kristo, alipotaka kuwafundisha watu maana ya kumfuata, alitwaa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara. Mtu huyo, kama ana akili, haanzi kwa kuchimba msingi. Huanza kwa kuketi. Huhesabu fedha yake, hupima nguvu zake, na ndipo awaite mafundi. Asipofanya hivyo kazi itamshinda katikati, naye atakuwa kichekesho kwa wapita njia.

Mfano huu twaujua sote. Lakini je, twaukumbuka siku tunapojenga? Wengi wetu huhesabu bei ya mabati, ya misumari na ya saruji. Ni wachache wahesabuo gharama nyingine isiyoandikwa katika risiti ya duka: miti iliyokatwa ili kuchoma matofali, mkaa utakaotumika jikoni miaka yote, joto litakalowanyima watoto usingizi chini ya bati. Gharama hiyo nayo hulipwa, ila hailipwi na mwenye nyumba peke yake. Hulipwa na jirani, hulipwa na kilima, hulipwa na mtoto ambaye hajazaliwa.

Juma hili twapenda kuitazama gharama hiyo katika mji mmoja tu, yaani Kigoma pamoja na Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Tumeuchagua mji huu kwa kuwa mambo yote huonekana hapo kwa karibu: vilima, ziwa, mji mkongwe na mji mpya. Msomaji aliye Songea, Bukoba au Mbulu atafahamu mara moja kwamba habari hii ni yake pia.

NYUMBA NA MOSHI WAKE

Wataalamu wa siku hizi husema sana juu ya hewa ukaa. Hiyo ni hewa itokayo kitu kinapoungua, iwe kuni, makaa ya mawe au mafuta ya dizeli. Haionekani kwa macho. Ikizidi angani huzuia joto la dunia lisitoke, nayo dunia huzidi kupata joto, na majira ya mvua hugeuka. Umoja wa Mataifa wahesabu kwamba zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa itokanayo na nishati na viwanda ulimwenguni hutoka katika majengo: katika kuyajenga, kuyatia taa, kuyapoza, kuyapasha joto na kupika ndani yake. Saruji peke yake yachukua kiasi cha sehemu saba au nane katika kila mia, maana mawe ya chokaa huchomwa kwa moto mkali mno, na mawe yenyewe pia hutoa hewa hiyo yanapoungua.

Haki yataka tuseme wazi kwamba sehemu kubwa ya hewa hiyo imetoka katika nchi tajiri. Mama wa Gungu au wa Katubuka asongaye ugali wa muhogo juu ya mafiga matatu siye aliyeiharibu dunia. Hatuandiki ili kumlaumu. Twaandika kwa sababu madhara humfikia yeye kwanza, na kwa sababu baadhi ya dawa imo mikononi mwetu.

Tuitazame hali ilivyo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, Mkoa wa Kigoma ulikuwa na watu wasiotimia laki tano. Katika sensa ya mwaka 2022 walipita milioni mbili na laki nne. Watu hawa wote wahitaji mahali pa kulala, nayo ni haki yao. Na nyumba ya heshima, kwa fikira za wengi, ni nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Basi udongo hufinyangwa, matofali hukaushwa juani, hupangwa kama kilima kidogo chenye matundu chini. Matundu hujazwa magogo, na moto huwaka usiku na mchana. Joto jingi hupotea ubavuni na juu. Matofali ya nje hayaivi barabara; ya karibu na moto huungua kupita kiasi na kupinda; mengine hupasuka yakatupwa. Hivyo mwenye tanuri hukata miti mingi kuliko ile ambayo kazi yake ingehitaji. Miti ya porini ikiisha, hata mwembe uliopandwa na babu hauna usalama.

Jambo hili si dogo. Kaskazini ya mji wa Kigoma iko Hifadhi ya Gombe, ambako Bibi Jane Goodall, aliyefariki mwaka 2025, alifika mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipita kwa ndege ndogo juu ya nchi ile, akaona ya kuwa msitu wa hifadhi umebaki kama kisiwa, na vilima vya pande zote vi tupu. Watu walikuwa wengi, mashamba yamechoka, na udongo wa miteremko ulikuwa ukichukuliwa na mvua kwenda ziwani. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi uitwao TACARE, wa kupanda miti na kuelimisha watu wa bonde la ziwa. Waanzilishi wake walijifunza upesi kwamba haifai kumwambia mwenye njaa aupende mti. Ilikuwa lazima kwanza kusikiliza wanavijiji wenyewe wataka nini: zahanati, shule, maji, kilimo bora, mikopo midogo kwa akina mama. Baadaye vijiji vilitenga misitu yao wenyewe, na mahali pengine visiki vilivyoachwa bila kukatwa vilichipua tena. Tuyatie mafundisho haya mawili moyoni: kilima kilicho uchi chaweza kuvikwa tena, na kazi hiyo haifanikiwi bila kuheshimu mahitaji ya maskini.

ZIWA NALO LAONA

Wengine wadhani kwamba mambo ya nyumba na mambo ya samaki hayahusiani. Sivyo. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi. Ni la pili duniani kwa kina. Maji yake ya chini ni ya baridi na yana chakula kingi cha mimea midogo ya majini. Katika majira ya kiangazi upepo wa kusini husukuma maji ya juu, na yale ya chini hupanda. Mimea midogo hustawi, dagaa hushiba, na migebuka huwala dagaa. Lakini maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, hayachanganyiki upesi na yale ya chini, na chakula hubaki shimoni. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza kwamba joto la ziwa lilikuwa limeongezeka katika karne ya 20, na kwamba uzazi wake ulikuwa umepungua. Uvuvi wa kupita kiasi umeongeza hasara hiyo. Ndiyo maana mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, Serikali ilisimamisha uvuvi katika upande wetu wa ziwa ili samaki wapate kuzaliana. Kila aliyekuwa mwaloni miezi ile ajua jinsi ilivyokuwa taabu kwa nyumba zilizokula kwa wavu.

Tena miaka ya 2020 na 2021, na mara nyingine mwaka 2024, mvua zilikuwa nyingi, ziwa likapanda likaingia katika makazi ya pwani, kwetu na kwa jirani zetu. Hatusemi kwamba kila kupanda kwa ziwa kumetokana na hewa ukaa. Ziwa hili lina desturi yake ya kale: katika karne ya 19 lilipanda hata likafurika katika mto Lukuga karibu na mwaka 1878, kisha likashuka. Lakini mwenye busara, akijua kwamba ziwa hupanda na kushuka, hajengi nyumba mdomoni mwake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ufukoni ziwe mahali pasipofanyiwa shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira. Wengi waiona sheria hiyo kuwa uonevu. Kumbe yamlinda mjengaji kwanza.

WAZEE WALIJUA

Si lazima kwenda Ulaya kujifunza namna ya kujenga nyumba isiyo na joto. Ujiji ni mji mkongwe. Mapadre Weupe walipofika huko Januari 1879, walikuta watu wamekwisha jenga mji, kwa udongo, miti na makuti ya michikichi. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na kuta za udongo zenye unene, baraza mbele, upenu mpana na ua nyuma. Ukuta ulikuwa mzito, haukupitisha joto upesi. Baraza ilikuwa kivuli na tena mahali pa mazungumzo. Hata wageni waliojifunza nchi walifuata hekima hiyo: itazameni stesheni ya reli ya Kigoma, ya zama za Wajerumani, ambao reli yao ilifika ziwani mwaka 1914. Ina kuta nene, matao na kivuli. Ilijengwa kabla ya pangaboi kuwa kitu cha kawaida, na mtu hupumzika ndani yake.

Sasa sisi, kwa kutaka maendeleo, tumejenga vyumba vyenye kuta nyembamba, bati lisilo na dari, upenu usiofika hata futi moja, na dirisha moja lisilo na mwenzake. Mchana ni tanuri. Usiku watu hulala nje. Halafu twatafuta umeme wa kupoza joto ambalo tumelijenga wenyewe. Haya si maendeleo. Ni kununua taabu kwa fedha.

YAFAAYO KUTENDWA

La kwanza ni tofali lisilochomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi amefundisha kwa miaka mingi namna ya kufyatua matofali ya udongo yaliyochanganywa na saruji kidogo, mara nyingi sehemu moja ya saruji kwa sehemu kumi au zaidi za udongo. Mashine yake husukumwa kwa mikono. Matofali hufunikwa kivulini, hunyweshwa maji kwa muda wa juma moja au zaidi, na baada ya majuma manne hivi yana nguvu ya kujengea. Yale yenye meno hufungamana yenyewe, hata saruji ya kuunganishia hupungua sana. Hakuna gogo hata moja liunguzwalo.

Lakini si kila udongo wafaa. Mtu na atwae chupa nyeupe, aijaze udongo hadi theluthi moja, aongeze maji, aitikise sana, kisha aiache siku moja. Mchanga utatua chini, mfinyanzi utakaa juu. Udongo ufaao una mchanga mwingi na mfinyanzi wa kutosha kuushikanisha. Udongo mweusi upasukao wakati wa kiangazi usitumiwe. Na asiyeweza kupata mashine asidharau tofali bichi la juani, mradi msingi uwe wa mawe na uinuke juu ya ardhi, upenu uwe mpana, na ukuta upakwe lipu. Adui wa nyumba ya udongo ni maji. Akizuiwa juu na chini, nyumba hudumu.

La pili ni jinsi ya kuiweka nyumba. Kigoma iko karibu nyuzi tano kusini ya ikweta. Jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi. Basi kuta ndefu na madirisha yake zielekee kaskazini na kusini, na zile za mashariki na magharibi ziwe fupi au zipate kivuli cha mti. Kila chumba kiwe na matundu mawili yanayotazamana, maana upepo hauingii mahali ambapo hauna pa kutokea. Dari iwekwe chini ya bati, na hewa ipate kupita kati yake. Mambo haya hayaongezi gharama nyingi. Mengine hayana gharama hata kidogo, ila yataka kufikiriwa kabla ya kupima msingi.

La tatu ni jiko. Zaidi ya robo tatu ya nyumba za Tanzania zimekuwa zikipikia kuni na mkaa. Moshi wake huwadhuru akina mama na watoto wachanga vifuani. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila mia wawe wakitumia nishati safi. Kwa Kigoma wakati ni mzuri. Kwa miaka mingi taa za mji huo ziliwashwa na mitambo ya dizeli. Tangu Oktoba 2022 mkoa umeanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa, ambayo sasa yapata nguvu nyingi kutoka bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115. Katika mto Malagarasi wenyewe, penye maporomoko ya Igamba, umepangwa mradi wa megawati 49.5. Chungu cha umeme cha presha chaweza kuivisha maharage ya jamaa kwa umeme usiofika uniti moja. Mwenye umeme na afikirie jambo hilo. Asiye nao aanze na jiko bora linalobana moto.

La nne ni mtaa. Nyumba moja nzuri katikati ya mtaa mbaya haitoshi. Mtaa mwema una shule, zahanati na soko mahali pa kuendea kwa miguu au baiskeli, una mifereji, una miti njiani, na miteremko mikali imeachiwa misitu. Mtaa ukitawanyika ovyo vilimani, kila ndoo ya maji na kila mgonjwa huhitaji chombo cha kumchukua, na kila chombo huhitaji mafuta. Viongozi wa mitaa na wapima viwanja wana dhamana kubwa hapa. Kiwanja kilichopimwa leo kitawaongoza watu kwa miaka mia.

WATAKAOPINGA

Wengine watasema: Haya ni mambo ya matajiri, maskini atafute ugali kwanza. Twajibu kwamba maskini ndiye anunuaye mkaa kwa kopo, ambao ni ghali kuliko wa gunia. Ndiye atembeaye mbali kutafuta kuni. Ndiye ambaye nyumba yake huchukuliwa na maji. Kumwachia mzigo huo kwa jina la umaskini wake si kumhurumia. Lakini twakubali sehemu moja ya pingamizi hili: bei ya chungu cha umeme au ya mashine ya matofali yaweza kumshinda mtu mmoja. Basi na isiwe ya mtu mmoja. Chama cha akiba na mikopo, jumuiya au kijiji chaweza kununua mashine moja ikazunguka nyumba kwa nyumba.

Wengine watasema: Vijana wachomao matofali watakula nini? Swali hili ni la haki, na asiyelijibu asithubutu kuwakataza. Kijana ajuaye kuchagua udongo na kufyatua tofali amekwisha kuwa nusu ya fundi wa matofali mapya. Afundishwe iliyobaki, na apewe kazi ya kwanza.

TUANZE NYUMBANI MWA BWANA

Sheria ya kale katika Kumbukumbu la Torati ilimwamuru mtu ajengaye nyumba mpya auzungushie paa ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba ana deni kwa kila awezaye kudhurika na jengo lake. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja, na hakusahau makazi, mitaa na miji ya watu wanyonge.

Hapo yatupasa kujichunguza sisi wenyewe. Kanisa ni mjengaji mkubwa katika nchi hii. Twajenga makanisa, nyumba za mapadre na masista, shule, zahanati, vigango. Mara ngapi waamini wameombwa kuleta matofali ya kuchoma kama sadaka, kila jumuiya idadi yake, bila mtu kuuliza kuni zimetoka wapi? Mara ngapi jiko la shule yetu ya bweni limekula msitu? Sadaka iliyoacha kilima uchi yafaa kuombewa msamaha. Kanisa likijenga kigango kimoja kwa matofali yasiyochomwa, kikasimama imara mvua tatu, waamini hawatahitaji hotuba. Watakuja na kamba ya kupimia.

Ndugu wasomaji, wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Ufa tumekwisha uona. Juma hili, katika jamaa na katika jumuiya zenu, tafadhali mjadiliane maswali matatu. Nyumba yetu ijayo itajengwa kwa tofali gani, na moto wake utatoka wapi? Jikoni mwetu ni jambo gani moja twaweza kulibadili kabla ya Noeli? Na jengo lijalo la parokia yetu, nani ataketi kulihesabia gharama yote, ya fedha na ya miti?

Baba akimwachia mwanawe nyumba, amfanyia wema. Akimwachia nyumba pamoja na kilima chenye miti na ziwa lenye samaki, amemwachia urithi kamili. Mungu Muumba, aliyetupa dunia ili iwe makao yetu sote, atujalie kujenga kwa akili na kwa haki.